Kidonge Kimoja Asubuhi

Jumapili, 9 Machi

Nimerudi kutoka Thika na hasira ambayo sijui niielekeze kwa nani.

Tangu Baba apatwe na mshtuko wa moyo mwezi wa kwanza, kila Jumapili natoka hapa Gatongora, Ruiru, kwenda Landless, mtaa wake huko Thika, kumkagulia dawa. Nimejipa kazi hiyo kwa kuwa ndiyo niliyosomea. Siku sita kwa wiki nasimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa nikiwaeleza watu wazima jinsi ya kumeza. Leo nimekuta dawa za baba yangu mwenyewe zimemwagwa zote ndani ya kopo moja la majani ya chai. Ya presha, ya mafuta ya damu na aspirini, zote nje ya karatasi zake, nyeupe juu ya nyeupe.

"Nilitaka kurahisisha," Baba akasema.

"Sasa unajuaje ni ipi?"

"Si ni tatu kila asubuhi? Nachukua tatu."

Basi huenda kuna asubuhi amemeza za presha tatu. Alhamisi alianguka akitoka bafuni. Hakuniambia, ni Njau aliyeropoka.

Njau ni ndugu yangu mdogo, ana miaka thelathini na moja, fundi wa mjengo kazi ikipatikana. Anaishi na Baba tangu Mama afariki. Nikamuuliza, "Na wewe ulikuwa wapi mzee akianguka?"

"Nilikuwa job, Tabby."

Njau siku zote yuko mahali pengine.

Jumanne, 11 Machi

Nimeomba ruhusa kazini, nikampeleka Baba kliniki. Daktari Awiti ni mama wa maneno machache anayekusikiliza mpaka umalize. Nikamweleza habari ya kopo. Hakucheka. Akatoa karatasi ya vidonge vya rangi ya waridi.

"Mzee, ndani ya hiki kimoja kuna zote tatu. Unameza kimoja asubuhi, siku imeisha."

"Kimoja?" Baba akainama kukitazama kama anavyotazama sindano iliyopinda. "Hicho hata mimi siwezi kukosea."

"Ndiyo uzuri wake. Wengi wa wagonjwa wangu hawashindwi na ugonjwa, wanashindwa na wingi wa dawa." Kisha akanigeukia mimi. "Lakini nisikufiche ubaya wake. Vipimo vimefungwa pamoja. Siwezi kupunguza moja nikaacha nyingine. Na akiacha hiki, ameacha zote tatu kwa siku moja, na huu ni moyo ulioshtuka tayari. Pia ile ya presha iliyo ndani huwaletea wengine kikohozi kikavu. Kikianza, mniletee. Tutabadilisha."

Nikaitikia haraka haraka, kama mtu anayesomewa herufi anazozijua. Hayo yote niliyajibu kwenye mtihani miaka kumi na miwili iliyopita.

Tukitoka, Baba akanishika mkono. Huniita Maitu, mama yangu, kwa sababu jina langu la pili ni Wamboi, la mama yake. "Maitu," akasema, "umenitua mzigo."

Ijumaa, 14 Machi

Nimempigia asubuhi. Amemeza.

Jumamosi, 15 Machi

Amemeza.

Jumanne, 18 Machi

Amemeza. Amesema niache kumpigia kila asubuhi kama askari wa jela.

Jumapili, 23 Machi

Nilibeba mashine ya presha. Mara ya mwisho ilikuwa 168 kwa 100. Leo ni 132 kwa 80. Nikapima tena kwa mkono wa pili, ikawa ile ile.

Nilipiga kelele. Nilimkumbatia mbele ya mteja aliyekuwa ameleta cherehani yake. Baba hashoni nguo, anatengeneza cherehani, na hapo mlangoni pake hapakosi mbili tatu zikimsubiri. Nikamwambia yule mama, "Unaona mzee huyu? Kidonge kimoja tu kwa siku!" Nikamwonyesha ile karatasi ya dawa, vishimo kumi na viwili vimetobolewa kwa mfuatano, hajaruka hata siku moja. Baba akacheka mpaka akavua miwani.

Sijamwona akicheka hivyo tangu Mama aondoke. Naandika hapa nisisahau.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua imeanza.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua siku ya kumi. Barabara ya kuingia hapa dukani imekuwa uji. Dukani ni kikohozi tu: watoto, akina mama, makondakta, mpaka pasta. Leo nimeuza chupa ishirini na sita za dawa ya kikohozi.

Njau akapiga simu katikati ya foleni. "Tabby, mzee anakohoa sana."

"Nani hakohoi siku hizi? Ni baridi. Mpe maji ya moto, umvalishe sweta."

"Hii si kama ya homa. Ni kavu. Inamshika akilala."

"Njau, mimi nina watu hapa. Nitatuma dawa."

Nimemtumia chupa mbili kwa mtu anayeenda Thika. Nimeandika maelezo kwenye kila moja kwa kalamu nyekundu.

Jumapili, 13 Aprili

Baba alikuwa kimya leo. Anatafuna tangawizi kipande baada ya kipande, na nikiuliza swali anajibu kwa kichwa. Nikauliza kikohozi kikoje. Akaonyesha kwa kiganja: kidogo tu. Karatasi ya dawa iko sawasawa, kila siku na kishimo chake.

Jirani yake wa mlango wa pili, anayeitwa Mwanarusi, aliingia na uji bila kubisha hodi. Watu humwita Mama Uthman. Ni mjane, anauza mahamri asubuhi pale njia panda. Aliweka bakuli kwenye meza ya kazi, akasogeza bisibisi ya Baba pembeni kama mtu anayejua kila kitu kinapokaa. Sikupenda. Mama hajamaliza miaka mitatu kaburini.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nilikwenda kusali na Baba kanisani kwake. Ni yeye huanzisha nyimbo pale, tangu niko mdogo. Leo aliuanzisha wimbo wa pili, ubeti haujaisha akasimama akatoka nje ameziba mdomo kwa leso. Mzee mwingine akaudaka. Nilimkuta nyuma ya kanisa ameegemea tangi la maji, macho yamejaa machozi kwa kukohoa.

"Ni moshi," akasema. "Wanachoma mkaa huko chini."

Mvua ilikuwa inanyesha. Hakuna aliyekuwa anachoma chochote. Nikasema, "Pole, Baba," nikampa peremende ya koo kutoka kwenye mkoba wangu.

Alhamisi, 24 Aprili

Hakuna stima kutoka jana, taa zote zimezimika. Mvua.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Ukuta wa nyuma ya duka umeanguka. Sikuenda Thika Jumapili. Naandika hii Jumatatu nikidanganya tarehe. Nilichoka.

Jumapili, 4 Mei

Kikohozi kimepungua! Nimekaa naye saa tatu nzima na amekohoa mara moja tu. Nikajisifu kwamba dawa yangu ya chupa imefanya kazi.

Lakini presha imeruka: 158 kwa 94. Nikapima mara tatu. Karatasi ya dawa iko sawa. Kwa hiyo si dawa, nikasema, ni chakula. Na chakula chake siku hizi kinatoka mlango wa pili.

Mwanarusi alipoingia na sahani ya mchicha nilimngoja asimame. "Mama Uthman, hiyo chumvi yako itamuua baba yangu."

Akabaki ameshika sahani. "Mwanangu, mimi nampikia bila chumvi tangu alipotoka hospitali. Hata mimi mwenyewe siku hizi nakula bila chumvi."

"Basi presha imepandishwa na nini?"

Alimtazama Baba. Baba alikuwa ameinamia cherehani anafunga skrubu iliyokwisha kufungwa. Kisha akainua macho, wakatazamana mimi nikiwa katikati yao, nikafikiri ninaelewa kinachoendelea. Nikaondoka bila kunywa chai.

Jumanne, 6 Mei

Nimempigia. Amemeza, anasema.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua. Amemeza.

Alhamisi, 15 Mei

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi nilikuwa nampimia mtoto dawa ya minyoo, simu ikalia. Njau. Alikuwa anahema.

"Tabby, mzee ameshika kifua. Jasho linamtoka kama maji. Hataki kulala, hataki kukaa."

"Ita gari!"

"Gari haiingii, njia yote ni matope. Nimembeba. Niko naye mgongoni, nimefika lami."

Nilimwambia ampe aspirini atafune. Akasema, "Mama Uthman ashampa." Simu ikakatika.

Nilitoka na koti jeupe la kazi. Mvua ilikuwa kubwa, na mbele kidogo ya Ruiru maji yalikuwa yamefunika barabara, magari yamesimama mstari mpaka macho yanapoishia. Nilikaa hapo saa nzima na dakika arobaini. Najua kila kinachotokea ndani ya moyo unaokosa damu. Najua mishipa kwa majina na dakika kwa hesabu, na nilikuwa nimekaa dirishani nikitazama mtu akivuka maji ameshika viatu mkononi. Njau hakuwa anashika simu. Nilimwomba Mungu, halafu nikamtukana Njau, halafu nikaomba tena.

Nilipofika hospitali nilimkuta Njau nje ya mlango wa wagonjwa mahututi, matope mpaka kiunoni, kiatu kimoja hana. Alinishika bega tu.

Daktari kijana akatoka. "Nani anajua dawa zake?"

"Mimi," nikasema. "Nimesomea dawa. Anameza kidonge kimoja chenye aspirini, ya presha na ya mafuta ya damu. Kila siku. Hajawahi kukosa hata siku moja."

"Una uhakika? Presha aliyokuja nayo na hali ya damu yake havionyeshi mtu anayemeza."

"Nina uhakika. Naona karatasi yake kila Jumapili."

Ndipo Mwanarusi akaja kwenye korido, leso aliyojifunga imelowa mpaka magotini. Mkononi alikuwa na kopo ambalo Baba huwekea vikorokoro vya cherehani. Hakunitazama. Alimpa daktari.

"Alinikataza nisiseme," akasema. "Lakini wewe lazima ujue."

Daktari akafungua. Chini ya sindano na vigurudumu vya uzi kulikuwa na vidonge vya rangi ya waridi. Vingine vizima, vingine nusu, vimekatwa kwa wembe sawasawa kabisa katikati. Baba ana mkono usiotetemeka. Tukavimwaga kwenye kiganja cha daktari, nami nikavihesabu kwa kidole, kwa mazoea tu. Nusu kumi na nne. Vizima kumi na saba.

"Ni kile kikohozi," Mwanarusi akasema, sasa akinigeukia. "Alitambua mwenyewe kwamba kilianza na kidonge. Akasema akikata nusu, kikohozi nacho kitakuwa nusu. Hakikupungua. Wiki mbili akikata. Halafu akaacha kabisa, na kifua kikanyamaza. Nilimwambia, mwambie binti yako, ni kazi yake. Akaniambia, Tabby alifurahi sana."

Nikakaa kwenye sakafu.

Kumi na saba. Maana yake tangu mwisho wa mwezi wa nne baba yangu hana aspirini mwilini, hana ya presha, hana ya mafuta. Zote tatu kwa mpigo mmoja. Kila asubuhi alikitoa kidonge kwenye kishimo chake ili mimi nikija Jumapili nione karatasi imetobolewa. Na tarehe nne nilikaa naye saa tatu nikishangilia kwamba kikohozi kimeisha.

Daktari Awiti aliniambia. Njau alinipigia simu akaniambia: si kama ya homa, ni kavu. Mteja yeyote angesimama mbele ya kaunta yangu akasema, natumia dawa ya presha na ninakohoa kikohozi kikavu, ningemjibu kabla hajamaliza. Baba yangu nilimpa sirapu.

Ijumaa, 16 Mei

Yuko hai. Haturuhusiwi kuingia wote.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeingia dakika kumi. Ana mpira wa oksijeni puani, na ngozi ya uso imekuwa rangi ya majivu. Nilikuwa nimejiandaa nisiseme, nikasema.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

Alichukua muda kuvuta pumzi. "Siku ile... ulipopima. Ulipiga kelele ukanikumbatia. Tangu mama yako afe sijakuona hivyo."

"Mimi? Mimi ndiye nilikuona wewe ukicheka!"

"Nilicheka kwa sababu ulifurahi, Maitu."

Nesi akaniambia muda umeisha. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akiita nesi, nesi akaenda, na mimi nikabaki nimesimama nimeshika chuma cha kitanda. Sikujua mtu anaanzia wapi kumwomba baba yake msamaha wakati baba naye anamwomba yeye.

Jumanne, 20 Mei

Daktari Awiti alikuja wodini. Nilitaka anigombeze. Ingenisaidia. Alitoa picha ya moyo akatuonyesha mimi na Njau.

"Sehemu hii imekufa. Moyo unasukuma kama theluthi ya unavyotakiwa. Hatarudi alivyokuwa. Tutamsaidia asizidi kuumia, lakini sitawaambia uongo."

"Kile kidonge ndicho kilichomfanya hivi?" Njau akauliza.

"Hapana. Kile kidonge kilikuwa kinamlinda. Presha ilishuka, mliona wenyewe. Ila dawa moja ndani yake haikupatana naye, na kwa kuwa ziko pamoja hakuweza kuacha hiyo moja akabaki na mbili. Zingekuwa mbalimbali, labda angeacha moja." Akairudisha picha kwenye bahasha. "Na zilipokuwa mbalimbali alizimwaga kwenye kopo akaanguka. Mimi mwenyewe ningempa tena kilekile mwezi wa tatu. Ningemwita mapema zaidi, hilo tu. Sikumwita. Niliona kwamba ana binti wa dawa."

Nikauliza kama kuna cha pamoja kingine, kisicho na ile ya kikohozi. Akasema hapa kwetu hajakipata, na hata kikipatikana, kwa moyo ulivyo sasa anahitaji kupandisha na kushusha kila dawa kivyake, wiki kwa wiki. Kwa hiyo tumerudi kwenye nyingi. Si tatu tena, sasa ni sita.

Jumamosi, 31 Mei

Baba ametolewa. Nilitaka kumleta kwangu Gatongora. Nilikuwa nimetandika kitanda. Akasema, "Nitakuwa nafanya nini huko? Natazama ukuta?" Nikamwambia hapa nitamwangalia mwenyewe. Njau akaniita nje.

"Tabby, wewe unatoka saa moja asubuhi unarudi saa mbili. Utamwangalia saa ngapi? Mwache. Mimi nimekataa kazi ya Juja, nimepata ya hapa karibu."

Nilikuwa tayari kubishana. Nikaona mgongo wa shati lake, pale alipombebea Baba, mishono imeachana begani na hajaishona. Nikamkabidhi mfuko wa dawa.

Jumatano, 4 Juni

Nimepiga simu. Njau amesoma kila dawa kwa jina, hata zile ngumu, ametamka vibaya lakini hakukosea hata moja. Miguu imevimba kidogo. Anampima uzito kila asubuhi kama alivyoonyeshwa, kwa mizani ya muuza mkaa.

Jumapili, 8 Juni

Nilibisha mlango wa pili. Mwanarusi alikuwa anapeta mchele. Nilisema niliyokwenda kusema, kuhusu chumvi, kuhusu kila kitu. Nililia kabla ya kufika katikati.

"Mimi pia nina langu," akasema. "Nilijua siku kumi na saba. Kila asubuhi nilisema leo nitampigia Tabby. Namba ninayo. Nikasema nikitoa siri yake hataniambia tena kitu, na nikikosa kujua, nani atajua? Basi nikakaa na siri, na siri haikumfaa."

Alinipa ungo, tukapeta.

Jumanne, 10 Juni

Mteja wa leo: bwana anaitwa Kagwe, dereva wa lori, na karatasi ya daktari ya mkewe. Alikuwa ameandikiwa kidonge kile kile. Mkono wangu ulikataa kukitoa kwenye kabati, nikasimama nimempa mgongo.

"Kuna shida, daktari?"

"Hakuna. Na mimi si daktari."

"Hii ni nzuri? Maana alikuwa na tano, na kila siku anasahau."

Nilitaka kumwambia asichukue. Nilitaka pia kumwambia mkewe huenda ataishi miaka kumi kwa sababu ya hiki. Yote mawili ni kweli. Nikamwambia, "Ni nzuri. Itamsaidia asisahau. Lakini akikohoa kikavu, au tumbo likimuuma, au choo kikiwa cheusi, arudi kliniki siku hiyo hiyo. Asikate, asiache. Na wewe usiangalie karatasi peke yake. Umuulize, halafu ungoje ajibu."

"Nikikuta amekasirika?"

"Ungoje tu."

Alishukuru akaondoka. Labda atangoja. Labda kesho atapata safari ya Malaba, mpakani, na atamuuliza kwa simu, naye atajibu kwamba yuko sawa. Siwezi kumfuata nyumbani.

Jumatatu, 16 Juni

Uzito umeongezeka kilo mbili kwa siku tatu. Daktari Awiti ameongeza dawa ya kutoa maji mwilini.

Alhamisi, 19 Juni

Umeshuka kilo moja. Hawezi kutembea mpaka choo cha nje. Njau amemtengenezea kiti.

Jumapili, 22 Juni

Mvua imekwisha, baridi imeingia. Nilifika Landless saa nne. Njau alikuwa amemtoa Baba nje penye jua, blanketi magotini. Cherehani za watu hazipo tena mlangoni. Njau amewarudishia wenyewe, ya mwisho jana. Baba ndiye aliyemwambia afanye hivyo.

Nilitoa mashine ya presha, nikatoa daftari la uzito, nikaanza kumvua soksi nimbonyeze vifundo nione maji. Aliweka mkono juu ya kichwa changu.

"Maitu, Njau amepima asubuhi. Wacha."

"Nataka kuhakikisha tu."

"Ukihakikisha itakuwaje?"

Nikisoma namba mbaya nitampigia daktari, daktari atapandisha moja na kushusha nyingine, na moyo utabaki ule ule. Nikisoma namba nzuri nitapanda gari nirudi Ruiru, na kesho itakuwa namba nyingine. Nilibaki nimepiga magoti na soksi mkononi.

"Kaa hapa," akasema, akigonga benchi.

Nikakaa. Akaniuliza mahindi ya Mama Uthman nyuma ya nyumba yamefika wapi, nikainuka kutazama, nikarudi nikamwambia yamefika kiunoni. Akasema ni mazuri kwa mvua ya mwaka huu. Baada ya muda kichwa chake kikanilalia begani, kizito, usingizi umemchukua kwenye jua.

Alikuwa anapumua kwa vipande vifupi, akisimama kidogo kati ya kimoja na kingine. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kifundo cha mkono wake kutafuta mapigo. Nikaurudisha mapajani. Njau alitoka ndani, akatuona, akafunga mlango taratibu usigonge.

Nilikaa hivyo mpaka kivuli cha paa kikatufikia miguuni. Nilipaswa kumsogeza mbele kidogo aendelee kupata jua, lakini ningemwamsha. Sikumsogeza.